Vidonge vya antioksidanti na mbegu za kiume: jibu kwa mwoka mikate wa Jinja

Swali: Daktari, salamu. Mimi ni mwoka mikate hapa Jinja, nina miaka 36 na mke wangu ana miaka 31. Tumeoana miaka mitatu sasa na hatujajaliwa mtoto. Mwezi wa Juni nilipima manii, nikaambiwa ujazo ni mililita 2.5, mbegu ni milioni 11 kwa kila mililita, zinazokwenda mbele ni asilimia 22, na zenye umbo zuri ni asilimia 3. Kwenye duka la dawa nimeuziwa vidonge vya antioksidanti kwa shilingi 180,000 za mwezi mmoja, nikaambiwa nivimeze miezi mitatu bila kukosa. Ndani yake kuna vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, seleniamu mikrogramu 200, zinki miligramu 30 na asidi ya foliki. Rafiki yangu naye huniletea mizizi ya mulondo nitafune. Navuta sigara kama kumi kwa siku, na mwezi wa Mei niliugua malaria nikalazwa siku tatu. Je, vidonge hivi vitanisaidia, au natupa pesa?

Jibu: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mahali niliposimama si pale unapotaja vidonge bali pale unapotaja malaria, uliyoiweka mwishoni kama jambo la kupita. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu usipoielewa malaria ile hutaweza kujua kama vidonge vimefanya kazi au havikufanya.

Mbegu ya kiume haitengenezwi kwa siku moja. Tangu seli ya mwanzo ianze kugawanyika ndani ya korodani mpaka mbegu ikamilike hupita siku zinazokaribia 74, na baada ya hapo mbegu husafiri takriban wiki mbili katika mfereji uliojisokota nyuma ya korodani, ambako hukomaa na kujifunza kuogelea. Manii uliyoyapeleka maabara mwezi wa Juni yalikuwa yameanza kutengenezwa kabla ya Mei, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika wakati mwili wako unaungua kwa homa. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu hutaka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Homa kali ya siku chache hutosha kupunguza idadi na mwendo wa mbegu kwa wiki kadhaa zinazofuata, kisha hali hurejea polepole katika muda wa miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kipimo chako cha Juni hakikupima uzazi wako wa kawaida peke yake. Kilipima uzazi wako pamoja na malaria.

Sasa tazama hesabu ya miezi mitatu uliyopewa dukani. Ukianza vidonge Julai na kupima tena Oktoba, mbegu zitakazopimwa zitakuwa zimetengenezwa zote baada ya homa kuondoka, na yaelekea zitakuwa nyingi kuliko za Juni, uwe umemeza vidonge au umekunywa maji matupu. Muuzaji ataona namba zimepanda, wewe utaziona, na wote wawili mtaapa kwa nia njema kwamba dawa imefanya kazi. Simtuhumu muuzaji kwa uongo. Nasema tu kwamba macho yake mwenyewe yatamdanganya, kama yalivyotudanganya sisi madaktari kwa miaka mingi. Hata mtu ambaye hakuugua kabisa, manii yake hupanda na kushuka toka kipimo hadi kipimo, na aliyepimwa siku ambayo namba zilikuwa chini mara nyingi atakuta zimepanda akipima tena, kwa sababu tu ile ya kwanza ilikuwa siku mbaya. Ndiyo maana katika jambo hili ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli namna gani, hauna uzito. Tunahitaji makundi mawili ya wanaume, moja lipewe kidonge chenye dawa na jingine kidonge kinachofanana nacho kisicho na kitu, na wasijue nani kapata kipi.

Kabla sijafika kwenye majaribio hayo, nakiri kwamba fikra iliyoko nyuma ya vidonge hivi si uzushi. Wewe ni mwoka mikate, utanielewa upesi nikieleza kwa mafuta. Mafuta yaliyoachwa wazi kwenye joto huchacha, na kuchacha huko ni kazi ya oksijeni. Utando wa mbegu ya kiume umejaa mafuta laini ambayo ndiyo huupa wepesi wa kupinda na kuogelea, na mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayochacha haraka kuliko mengine. Tena mbegu inapokamilika huwa imetupa karibu ute wake wote wa ndani ili iwe nyepesi, na pamoja na ute huo imetupa vimeng'enya ambavyo seli nyingine hujilinda navyo, hivi kwamba hutegemea zaidi ulinzi wa majimaji yanayoizunguka. Mwaka 1943 mtafiti John MacLeod alionyesha kwamba mbegu zilizowekwa kwenye oksijeni nyingi hupoteza mwendo. Tangu hapo tumejua kwamba chembe kali za oksijeni, zile zinazoitwa radikali huru pamoja na jamaa zake, zikizidi huharibu utando wa mbegu na hata kukatakata DNA iliyobebwa kichwani mwake. Chembe hizo hutoka kwa chembe nyeupe za damu zinapokuwapo kwenye manii kwa sababu ya maambukizi, hutoka kwa mbegu changa zisizokomaa sawasawa, na huongezwa na moshi wa sigara. Antioksidanti ni vitu vinavyozituliza.

Matangazo, hata hivyo, huzisema chembe hizi kana kwamba ni wezi wasio na kazi nyingine. Sivyo. Mbegu inapokuwa ndani ya mwili wa mwanamke inahitaji kiasi kidogo cha chembe hizo hizo ili iamke, ibadilishe mwendo na iweze kupenya yai. Ukizifuta zote umeizuia mbegu kumaliza kazi yake. Ni suala la kipimo kama chumvi katika unga, na mpaka sasa hatuna chombo cha kawaida cha hospitali kinachoweza kumwambia mwanamume huyu kwamba amepungukiwa na antioksidanti na yule kwamba anazo za kutosha. Mtu anayekuuzia kopo moja kwa wanaume wote anauza bila kupima.

Haya, majaribio. Mawili muhimu yalichapishwa mwaka 2020, yote ya Marekani. La kwanza liliwachukua wanaume 2,370 ambao wao na wake zao walikuwa wakitafuta tiba ya uzazi, nusu wakapewa kila siku zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5 kwa miezi sita, nusu nyingine vidonge vitupu. Wanandoa waliopata mtoto aliye hai walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na asilimia 35 upande wa vidonge vitupu. Ubora wa manii haukutofautiana kwa jambo lolote la maana, isipokuwa moja lililowashangaza wengi: mbegu zenye DNA iliyokatika zilikuwa nyingi kidogo kwa waliomeza dawa, asilimia 29.7 dhidi ya 27.2. Waliomeza dawa walilalamikia zaidi pia tumbo na kichefuchefu. Soma tena lebo ya kopo lako: zinki yako ni miligramu 30 zile zile.

La pili, linalojulikana kwa jina la MOXI, lilikuwa dogo, lenye wanandoa 174, lakini linakuhusu zaidi kwa sababu wanaume wake walichaguliwa wakiwa na kasoro kwenye manii kama wewe, na wake zao walikuwa wamehakikishwa kwamba yai linatoka na mirija iko wazi. Mchanganyiko waliopewa unafanana sana na wako: vitamini C miligramu 500, vitamini E 400, seleniamu miligramu 0.20 ambayo ndiyo mikrogramu 200, zinki 20, asidi ya foliki, likopeni na karnitini. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na nafuu ya maana katika mwendo wa mbegu wala katika uzima wa DNA. Waliojaliwa mtoto walikuwa asilimia 15 kwenye kundi la dawa na asilimia 24 kwenye kundi la vidonge vitupu. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu kwa sababu watu walikuwa wachache, na sitasema kwamba dawa iliwazuia kuzaa. Ila hakuna namna ya kuzisoma namba hizo zikawa sifa kwa dawa.

Utaweza kukutana na mtu atakayekutajia mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 90 yenye wanaume 10,303, na akasema kwamba yanaunga mkono antioksidanti. Kwa kiasi fulani atakuwa sahihi, maana waandishi waliandika kwamba huenda zikaongeza uwezekano wa kupata mtoto. Lakini walisema pia kwamba ushahidi huo ni wa uhakika mdogo sana, kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo na hayakuendeshwa vizuri, na kwamba walipoyaondoa yale yenye kasoro kubwa, faida ya kupata mtoto haikuonekana tena. Kwangu mimi sentensi hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote.

Je, vidonge vyaweza kukudhuru? Kwa miezi mitatu, kwa viwango ulivyoandika, sitarajii madhara makubwa kwa mtu wa umri wako. Wasiwasi wangu ni pale miezi mitatu inapogeuka miaka mitatu, na kopo moja linapoongezewa la pili. Vitamini E ya yuniti 400 kwa siku, dozi ile ile iliyomo kwenye kopo lako, ilijaribiwa Marekani kwa wanaume zaidi ya 35,000 wenye miaka 50 na kuendelea kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume. Matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 17. Wewe hujafika umri huo, lakini sioni sababu ya kuizoea dozi hiyo. Zinki haitakiwi kupita miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu kwa sababu huuzuia mwili kupata shaba, na seleniamu ikipita mikrogramu 400 hukatisha nywele na kuharibu kucha. Na kwa kuwa unavuta sigara, jihadhari na kopo lolote lenye beta-karotini: jaribio la Finland lililotangazwa mwaka 1994, kwa wavutaji zaidi ya 29,000, lilikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa waliopewa.

Nikigusa sigara nimegusa jambo ambalo lingekuwa la kwanza katika barua hii kama si malaria. Mvutaji anayemeza antioksidanti anateka maji kwa pakacha. Sigara kumi kwa siku huleta kwenye damu na manii chembe kali kila siku, kisha wewe unalipa shilingi 180,000 kuzifukuza baadhi. Acha sigara, na pesa ya sigara pamoja na pesa ya kopo itatosha vipimo vyote nitakavyovitaja hapa chini. Kama unakunywa pombe, hasa waragi, ipunguze kwa nguvu hiyo hiyo; hukuitaja, nami sitakuhukumu kwa jambo usilolisema.

Kazi yako nayo ina neno. Uchunguzi uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 1992 uliwatazama mafundi wanaoshinda mbele ya tanuri za kauri, na ukakuta kwamba walichukua muda mrefu zaidi kuwapa wake zao mimba kuliko wenzao wasiokaa kwenye joto. Sikuambii uache kuoka, kwani ndicho kinachowalisha. Lakini kama unaweza kumwachia kijana wa kazi zamu ya mdomo wa tanuri, ukakaa wewe kwenye meza ya kukandia, ukavaa suruali pana na ukatoka nje kupunga hewa mara kwa mara, umefanya jambo lisilo na gharama.

Kuhusu mulondo, najua nitawaudhi wengi Uganda. Mizizi hiyo ina harufu tamu na heshima kubwa, na huenda inaongeza hamu ya tendo la ndoa. Lakini hamu na mbegu ni mambo mawili mbalimbali, na katika barua yako hukulalamikia hamu. Watafiti wa Kamerun waliuchunguza mmea huu kwa panya na wakapata majibu yasiyokubaliana: kazi yao ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba panya waliopewa kwa muda mrefu walipungukiwa na uwezo wa kutengeneza mbegu mpaka ulipoachwa, na ile ya mwaka 2004 ilionyesha testosteroni, yaani homoni ya kiume, imepanda. Mpaka swali lako la mtoto lipate jibu, rafiki yako atafune peke yake. Dawa za nguvu zinazouzwa zikiwa zimeshasagwa na kufungwa kwenye chupa ni hatari zaidi, kwa maana zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume.

Na kama mtu yeyote, awe wa duka la dawa au wa jimu, atakushauri uchomwe sindano ya testosteroni ili uwe na nguvu za kuzalisha, ondoka hapo. Testosteroni ikitoka nje, ubongo hudhani korodani zimeshafanya kazi na huziamuru zipumzike, na mbegu zaweza kuisha kabisa kwa miezi mingi. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu sindano hiyo miaka ya 1990, lilikuwa likitafuta njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume.

Namba zako hazitishi kama ulivyotishwa. Viwango vya chini vilivyomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 30 zinazokwenda mbele na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Watu hudhani kwamba huo ni ukuta, aliye chini yake ni tasa. Kumbe namba hizo zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha ikachukuliwa ile asilimia 5 ya chini kabisa. Maana yake, hata chini ya kiwango wapo akina baba. Wewe una mililita 2.5, ukizidisha kwa milioni 11 unapata milioni 27 na nusu, na asilimia 22 yake ni mbegu kama milioni 6 zinazokwenda mbele kwa kila tendo. Ni chache kuliko tunavyopenda, na njia inakuwa ndefu zaidi, lakini mimba ya kawaida haijafungiwa mlango.

Kinachonisikitisha ni kwamba umeuziwa tiba kabla hujaguswa na mkono wa daktari. Nenda hospitali ya rufaa ya hapo Jinja, umwone daktari wa upasuaji au wa mfumo wa mkojo, naye akupime ukiwa umesimama, akupapase juu ya korodani huku ukikaza tumbo kama unayekohoa. Anatafuta varikoseli, yaani mishipa ya damu iliyovimba kama kifurushi cha minyoo, mara nyingi upande wa kushoto. Karibu mwanaume 1 kati ya 7 anayo bila shida yoyote, lakini kwa wanaume wenye tatizo la mbegu hupatikana kwa zaidi ya theluthi. Varikoseli hupasha korodani joto na huongeza hizo hizo chembe za oksijeni tulizozisema, na ile inayohisika kwa vidole, ikiambatana na manii hafifu, yaweza kufungwa kwa upasuaji. Hiyo ndiyo tofauti ya kutibu chanzo na kutibu namba. Daktari akuulize pia juu ya kisonono na klamidia za zamani, matubwitubwi uliyougua baada ya kubalehe, kichocho kama ulikulia ukioga ziwani, na dawa zozote unazotumia. Chembe nyeupe zikiwa nyingi kwenye manii, maambukizi yatafutwe na yatibiwe. Vipimo vya homoni vitafuata ikiwa mbegu zitabaki chache, hasa zikishuka chini ya milioni 10 kwa mililita.

Chakula sikukitaja mapema kwa sababu si tiba. Lakini ukitaka antioksidanti zako, ziko sokoni: mapera na machungwa, mboga za majani kama doodo na nakati, nyanya zilizopikwa kwa mafuta kidogo, karanga, simsim, maharage, na mukene, samaki wadogo wenye mafuta yale yale yanayojenga utando wa mbegu. Kula hivyo nyote wawili.

Mkeo hukumweleza zaidi ya umri wake, na hapo sijui kama ameshapimwa au amesahaulika kwa sababu majibu yako yalikuja mabaya kwanza. Akapimwe kama yai linatoka, na mirija yake ipigwe picha kwa dawa ya X-ray, sambamba na vipimo vyako wala si baada yake. Miaka 31 haina haraka ya kutia hofu, ila haina nafasi ya kupoteza mwaka mzima juu ya makopo. Ikiwa baada ya yote haya mtahitaji msaada wa maabara ili mbegu ikutane na yai, huduma hiyo ipo Kampala katika hospitali binafsi.

Kopo ulilokwisha kununua ukilimaliza sitakugombeza. Usinunue la pili. Rudia kipimo cha manii miezi mitatu kamili tangu siku homa ilipokuacha, uwe hujamwaga kwa siku mbili hadi saba, utoe sampuli yote bila kupoteza tone la kwanza, na kama si pale pale maabara basi ifike ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili ili isipoe. Ukiugua tena malaria kabla ya siku hiyo, sogeza tarehe mbele. Majibu yakitoka niandikie, na unitajie pia daktari alichokihisi alipokupapasa ukiwa umesimama.